Risasi za Baba Zanele

Chumba cha Bibi huko Bellevue kilinuka udi na mafuta ya bunduki. Harufu hizo mbili zilinasa kwenye mapazia, kwenye khanga, hata kwenye chapati zake, na mpaka leo nikizisikia pamoja tumbo langu hudhani chakula kiko tayari. Udi ulikuwa wake, alikuja nao kutoka Tanga. Mafuta yalikuwa ya Babu, Mzulu mtaratibu aliyekimbilia Tanzania enzi za ubaguzi, akamwoa Bibi, na mambo yalipotulia akarudi naye Johannesburg. Babu alikuwa na bunduki ya kijeshi ya zamani, ya mbao nzito na komeo la kuvuta kwa mkono. Kila majira ya baridi, nyasi zikikauka na hewa ikiwa kavu mpaka midomo inapasuka, alikwenda uwanja wa shabaha nje ya Midrand, akafyatua risasi chache pamoja na wazee wenzake, kisha akarudi amechangamka kama mtu aliyetoka harusini.

Babu alipofariki, nilikuwa bado shule ya msingi. Mama yangu, Zanele, alitaka bunduki ikabidhiwe polisi. Bibi akagoma. “Mnataka tumtoe mara mbili?” aliuliza, na mjadala ukaishia hapo. Alihudhuria mafunzo, akafanya mtihani, akahojiwa, leseni ikatoka kwa jina lake. Majirani wakaanza kumsalimia kwa adabu mpya, naye akaifurahia sana. Lakini moyo wake hasa ulikuwa kwenye kopo la bati alilokuwa amelifungia ndani ya kasha la chuma, karibu na bunduki. Humo mlikuwa na risasi za Babu, kuukuu kama bunduki yenyewe, alizozipanga marehemu kwa vidole vyake mwenyewe. Bibi aliweka na kipande cha udi juu yake. Aliapa kwamba majira ya baridi yakifika atazipiga hizo hizo, si nyingine.

Kabla ya siku ya kwenda uwanjani tulikwenda Midrand kwa Papa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi aliyeitunza bunduki ya Babu miaka yote. Aliingiza kipimo chake cha chuma mahali pa risasi, akafunga komeo, akachungulia mtutu kwenye mwanga, akaridhika. Kisha akafungua kopo, na uso ukambadilika.

“Mama, hizi haziko za kupiga tena.”

“Bunduki ya kizee, risasi za kizee,” Bibi alimjibu. “Si ndizo zinazojuana?”

“Hapana, Mama. Bunduki inaweza kuzeeka muzuri. Risasi, hapana.”

Alituonyesha kutu ya kijani na nyufa nyembamba kwenye shingo za maganda. Ganda likipasuka, alisema, moto unaweza kurudi nyuma, na nyuma ndiko liliko jicho la mpigaji. Hata mpya si kila inayoingia inafaa: maandishi ya kwenye kitako cha risasi lazima yalingane na ya kwenye mtutu, na hata zinazolingana, achague za kiwandani zenye nguvu ya wastani, si zile kali za wawindaji. Chuma hicho kilishafanya kazi yake ya ujana. Akaweka boksi jipya mezani. Bibi alilitazama kama mjane aliyeletewa posa kabla eda haijaisha. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimeshampoteza Babu, na sasa nilimwona Bibi yuko tayari kutoa jicho lake kwa mapenzi.

Alilinunua boksi, nikapumua. Sikujua kwamba mfukoni mwa koti alibaki na risasi moja ya Babu. Uwanjani nilikaa nyuma ya mstari, masikio yamezibwa, nikamwona akiinama, akipachika, akilenga tuta la udongo, akivuta. Kimya. Papa Ilunga, aliyesimama kando yake, akaelewa papo hapo. Aliinua kiganja na kupaza sauti mpaka hata mimi nikamsikia: “Usiishushe, Mama! Usifungue! Ngoja.” Baruti iliyooza inaweza kuchelewa kuwaka, na anayeshusha mtutu au kufungua komeo kwa pupa ndiye anayeumia. Basi Bibi akangoja, mtutu mbele, na nikaona midomo yake ikienda. Nilimjua Bibi yangu. Alikuwa akisoma Fatiha, taratibu, mpaka mwisho.

Muda ulipotosha, Papa Ilunga alifungua komeo mwenyewe, risasi ikadondoka, kitako kimebonyea lakini imekufa. Hakumgombeza. Bibi aliiangalia, machozi yakimtiririka. “Basi, Baba Zanele,” alisema. “Pumzika.” Kisha akapachika risasi mpya, na bunduki ikanguruma vizuri tu.

Bibi naye ameshatangulia. Mimi nafanya kazi Sandton, wanangu wananijibu Kiswahili changu kwa Kiingereza, na leseni sasa ni yangu. Majira haya ya baridi nilimpelekea Papa Ilunga, ambaye siku hizi amejaa mvi, boksi alilobakisha Bibi. Risasi zile zilikuwa zikiteleza mikononi: kila Bibi alipoipaka bunduki mafuta alizipaka na zenyewe, kwa mapenzi, na mafuta yakapenya mpaka kwenye fataki za kuwashia baruti. “Zimeharibika,” Papa Ilunga alisema. Nikaanza kujitetea kwamba labda moja tu, moja haitadhuru.

“Eish,” akasema akinitazama. “Na wewe pia?”

Nikamwachia zote, nikaomba boksi tupu. Uwanjani nilipachika risasi mpya, nikalenga tuta lile lile la udongo, nikakaa bila kuvuta. Papa Ilunga akaniuliza nangoja nini, bunduki haijagoma. Sikumjibu mpaka nilipofika aamin, kisha nikavuta.