Kadi Kumi na Moja za Fauziya

Mama yangu mkubwa, Fauziya, alichambua pamba Tororo karibu miaka mitatu, na miaka yote hiyo aliitwa kibarua. Kila baada ya miezi mitatu kiwanda kiliwataka vibarua warudishe kadi zao za kazi, walale nyumbani siku moja, kisha waandikwe upya kama wageni. Ujanja wa kitoto, lakini ulitosha: hakuna aliyewahi kuwa mwajiriwa wa kudumu.

Kadi zilizorudishwa zilichomwa. Karani Ofumbi, mtu mpole kupita kiasi, alimwachia Fauziya zake kwa siri, kwa kuwa mama huyo alipenda tu kuona jina lake limeandikwa.

Mwaka 1974, wanajeshi wakiwa wametawala nchi, kiwanda kilikuwa mikononi mwa kapteni mmoja. Akamfukuza Fauziya bila kosa, nafasi akampa shemeji yake. Fauziya akazibeba kadi kumi na moja hadi kwa Okanya, ofisa wa kazi.

Okanya alizihesabu mara mbili, akafunga mlango. "Mama, wewe hapana kibarua. Mtu wa kuandikwa hivi, kukatika siku moja tu, ni mfanyakazi kabisa. Hawawezi kukufukuza bure." Kisha akanong'ona, "Mimi naandika barua. Lakini kupeleka, utapeleka wewe."

Mnyonge hana haki, husema watu. Fauziya alikuwa nayo, tena kumi na moja. Kilichomshinda ni woga. Siku hizo mtu alitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, na jirani hakuthubutu kuuliza. Hata hivyo alikwenda kiwandani, roho mkononi. Aliniambia tangu getini dua zote alizozijua zilimchanganyikia mdomoni.

Kapteni aliisoma barua, akazitandaza kadi mezani. Ofumbi alisimama kando na kalamu yake.

"Hii makadi ilikuwa ya kuchoma. Nani alikupa? Sema, kesho unarudi kazini."

Fauziya alijua vizuri jibu lingempeleka wapi Ofumbi. Na kazi aliitaka, Mungu ni shahidi.

"Niliiba, afande."

Kapteni akacheka. "Basi sasa kosa iko." Akamgeukia karani. "Andika: mwizi. Amefukuzwa."

Ofumbi akaandika. Hakuinua macho, na Fauziya alishukuru, maana wangetazamana wangelia wote wawili, na kapteni angeelewa.