Fyuzi ya Mashine ya Kwaya

Nakumbuka siku moja ambayo uzee umeshindwa kunifutia. Nilikuwa kijana, natengeneza redio pale mtaani Free Area, Baba akaja kutoka kwetu Bahati na akina mama wawili wa kwaya, wamebeba amplifaya ya kanisa. Ilikuwa ile ya zamani, yenye valvu za kioo zinazopata moto kama jiko. Kila wakiiwasha, fyuzi inakatika. Wakibadilisha, inakatika tena. Na kesho yake kwaya ilikuwa iimbe harusini.

"Zungusha karatasi ya sigara kwa hiyo fyuzi," Baba akasema. "Iache kutusumbua."

Usicheke, mwanangu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya kila mtu. Ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara unaikunja juu ya fyuzi iliyokatika, na stima inapita. Inapita kweli, mpaka mashine iungue, pengine na kanisa pamoja nayo. Nilijua hivyo. Lakini kwetu kijana hamkatalii baba yake mbele ya watu, tena baba mwenyewe mzee wa kanisa. Niliogopa angeondoka pale na asiniite mwanawe tena.

"Baba, hiyo siweki."

"Nilikulea ili unikatalie?"

Kubishana na mzazi kunachosha kuliko kulima. Nikaweka fyuzi mpya, kisha nikaunga balbu ya kawaida kwenye waya, stima ipitie hapo kabla ya kufika kwa mashine. Balbu ikawaka kabisa, maana yake ndani kuna mahali stima inamwagika ovyo. Nikazima, nikangoja kioo kipoe, nikatoa valvu moja, nikawasha. Bado inawaka vile vile. Nikazima, nikangoja tena. Haraka haraka haina baraka, na Baba ameketi hapo, amenuna. Nilipong'oa ile kubwa ya pembeni na kuwasha, balbu ikafifia. Mbovu ilikuwa hiyo. Fyuzi, maskini, haikuwa na kosa. Ilikuwa inakatika ili mashine ipone. Nikaweka valvu niliyotoa kwa mashine nyingine kuukuu, na sauti ikarudi.

Baba hakunishukuru. Aliwatuma akina mama wakatafute chai, na walipotoka akaniambia polepole, "Hiki kifua kinaniuma tangu tupande mahindi. Nameza vidonge vya dukani kinyamaze, niende shamba. Nipeleke hospitali."

Tulienda siku hiyo hiyo. Daktari alisema tumechelewa, lakini si sana. Aliishi mpaka akakubeba wewe mikononi.

Sasa nawe, kila nikikupigia unaniambia, "Niko poa, mzee," na sauti imechoka kuliko yangu. Mimi nimechoka kudanganywa, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usingizi ukikukataa, nyumbani wakinyamaza ukiingia, usitafute cha kuziba. Simamisha kazi, ukae chini, uangalie jambo moja moja mpaka ulipate linalokuumiza, hata kama watu wanangoja. Na mimi baba yako nikikosea, niambie kwa heshima, lakini niambie. Nitanuna kidogo, halafu nitakusikiliza.

Mungu akupe subira, na akupe watu wanaokupenda hata wakakukatalia. Akuweke hai, mwanangu, uje unizike mimi, nisikuzike wewe.