Noeli Iliyoangukia Mwezi Mpevu

Wiki iliyopita nilikuwa kwa Mama, Rumonge, nikimpangia chumba chake cha nyuma, na karabai ya Baba ikaanguka. Haikuvunjika, maana kioo chake kilishavunjika zamani. Lakini ndani ya tangi kulibaki tone la petroli, yaani mafuta ya taa, sisi tuliyaita petroli, na harufu yake ikajaa chumba kizima. Nikakaa chini. Wavuvi siku hizi wanatumia taa za betri, watoto wangu hata hawaijui harufu hiyo. Mimi ikinifika puani naona Noeli, tena siyo ile ya kuimba na kucheza. Naona Noeli ya kuchoka.

Na siku hiyo nilikuwa nimechoka kweli, nisiwadanganye. Nilitoka Nyanza-Lac asubuhi. Nyumbani nimeacha watoto watatu wanaoota viatu, na mume mwenye pikipiki inayokaa foleni ya esansi, mafuta ya magari, kuliko inavyobeba abiria. Njia nzima kila duka lilikuwa limetundika magauni ya watoto mlangoni. Mwenye duka hana huruma, anajua mtoto ataona tu.

Kwetu, kwa asiyejua, zawadi ya Noeli ni nguo. Mtoto anavishwa nguo mpya asubuhi, anapelekwa kanisani, kisha anapita nyumba kwa nyumba watu wamwone na wamwekee wali kwenye sahani. Asiye na nguo mpya anabaki ndani na kusema tumbo linamuuma. Kuna miaka kartiye yetu, yaani mtaa, ilikuwa na wagonjwa wengi wa tumbo siku hiyo moja tu, na kesho yake wote wamepona.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa hivi, na mdogo wangu Pasikali alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, wale samaki wadogo wa kuanika, na Mama alizianika mchangani na kuziuza. Walikuwa wamevuka kutoka ng'ambo, Kongo, kabla sijazaliwa, na kila tulichokula na kuvaa kilitoka ziwani. Lakini ziwa letu lina tabia yake. Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Unawasha karabai juu ya maji, zinakuja zenyewe kuifuata. Mwezi ukijaa, ziwa lote linang'aa, na hapo nani atahangaika na taa yako? Basi mwezi mpevu boti zinavutwa nchi kavu, wanaume wanashona nyavu na kubishana, na akina mama wanapika lengalenga, mchicha wa kwetu, mpaka watoto wanaiota. Mwaka ule mwezi ulichagua kujaa Noeli yenyewe.

Jamani, niliuchukia mwezi ule! Kila jioni ulichomoza juu ya milima umenenepa kuliko jana, na Mama aliutazama kama mtu anayemwona mgeni akija na mabegi. Alikuwa na pesa kidogo amezifunga kwenye pindo la kitenge chake. Mimi nilijua ni za nguo zetu, na gauni langu nilishalichagua. Lilikuwa la njano, mikono imevimba, limetundikwa sokoni kwenye kibanda cha kona, na kila nilipotumwa chumvi nilizunguka kule kwenda kulisalimia. Pasikali alitaka suruali yenye mifuko mingi. Ya kutia nini, sijui mpaka leo.

Ikabaki siku moja kabla ya mkesha. Mchana mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Kongo, meusi, mazito. Mama alikuwa ameanika ndagala zake za mwisho, akakimbia ufukweni kuziokota huku akiyatukana mawingu yale kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Tuliporudi na beseni, tulimkuta Baba amesimama mlangoni, ameinua uso, anacheka peke yake.

"Mama Espe, unaona mambo hayo?" akasema. "Yakifunika mwezi usiku wa leo, ndagala zitakuja. Na hakuna boti ingine itatoka. Kesho asubuhi soko lote iko yangu."

"Boti utapata wapi?"

"Mwenyewe amekubali kunipa. Na vijana wawili wako tayari." Akajikuna shingo. "Ila petroli amesema nijitafutie."

Hata mimi, mtoto, niliona macho yake yalikoelekea: kwenye pindo la kitenge. Mama aliweka beseni chini. Alimtazama Baba kwa muda, akatazama juu, akamtazama tena Baba. Kisha akafungua fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza, akamwekea pesa zote mkononi.

"Chukua, Baba Espe. Mungu alete mawingu."

"Mama! Gauni langu!" Nililia kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Wewe mutoto, nyamaza," Baba akasema, ameshageuka kwenda. "Kesho nitakuletea mawili."

"Nenda ukamuombee baba yako," Mama akaongeza.

Nikaomba, nimenuna, machozi hayajakauka. Niliona Mungu wa nyumba yetu ana kazi kubwa, mchana anaombwa jua la kukaushia ndagala na jioni anaombwa mawingu. Baba akajaza karabai pale uani, petroli ikamwagika kidogo kwenye suruali yake, akaondoka ananuka hivyo na kupiga mluzi. Nakwambia, sikuwahi kumwona anatembea vile. Alitembea kama kijana.

Alipopotea tu njiani, Mama alijifunga kitenge vizuri akaenda kwa jirani yetu, Mama Zaina. Nilimfuata kwa sababu sikutaka kubaki na Pasikali, aliyekuwa ameanza kuniuliza habari za mifuko. Mama Zaina alikuwa Mswahili wa hapo hapo Rumonge, Mwislamu, na binti yake Zaina alikuwa rika langu. Mama zetu walizungumza ndani kwa sauti ya chini. Nilisikia tu Mama Zaina akisema, "Hiyo siyo shida, dada yangu, ondoa shaka." Baadaye akatoka uani, akachota makaa, akayatia kwenye pasi. Mimi na Zaina tulikaa kizingitini tukila njugu. Sikujiuliza lolote kuhusu pasi. Nilikuwa nahesabu mawingu.

Yakaondoka. Kabla sijalala yalikuwa yameshasogea kwenda milimani, na mwezi ukabaki peke yake, mweupe, umetulia, umejaa uwanja wetu wote. Mama alikaa mlangoni anachagua maharage. Hakuhitaji hata taa.

Asubuhi tulikwenda ufukweni. Wavuvi wenzake waliokuwa wanashona nyavu walimpokea Baba kwa kelele. "Karibu, bwana wa mbalamwezi!" mmoja akapaza sauti, na wote wakaangua kicheko. Baba alicheka nao, akapita. Mkononi alishika sufuria, na ndagala zote za usiku ule zilikuwa mle ndani, hazikufika hata nusu. Petroli ilikuwa imeisha yote. Alimpa Mama sufuria, akasema, "Mawingu yalinikimbia," akaenda kulala, uso ukutani. Nilimkasirikia sana. Nilikuwa nimeshajipangia maumivu ya tumbo.

Lakini hata mchana haujafika, Mama Zaina akaingia na nguo mkononi, zimekunjwa, zimenyooka, bado zinanuka moshi wa makaa. Zilikuwa nguo za Idi za watoto wake, na Idi haikuwa imepita siku nyingi. Gauni la Zaina la bluu lenye lesi lilikuwa langu kwa siku moja. Pasikali alipata kanzu ya kaka yake Zaina. Ndiyo, kanzu, na mifuko hakuna.

Noeli tukaenda kanisani. Zaina alinifuata njia nzima mpaka mlangoni, akilinda gauni lake. "Usikae hapo, kuna vumbi! Inua pindo! Wee Espe, utanichania lesi!" Niliposimama, alisimama. Nilipokutana na mtu wa kusifia gauni, yeye ndiye aliyejibu asante. Pasikali naye, na kanzu yake nyeupe, alikamatwa mkono na mzee mmoja wa kanisa aliyedhani ni mtoto wa altare aliyechelewa, akapelekwa mbele, akashikishwa mshumaa. Akasimama nao misa nzima, amenyooka, hathubutu hata kupepesa. Nilimwona Mama akificha uso ndani ya kitenge, mabega yanatikisika. Jioni tulikula zile ndagala za sufuria, zilitosha kijiko kimoja kimoja, na nguo zikarudi kwa wenyewe zimefuliwa.

Baba aliisimulia hadithi ile miaka yote ya maisha yake. Katika kuisimulia kwake, mawingu yalizidi kuwa meusi na ndagala zilizidi kukaribia boti. "Mwezi ulinishinda kwa kidogo tu!" alikuwa anasema, anapiga goti. "Rumonge nzima imelala kwa uoga, mimi peke yangu niko ziwani natafutia watoto wangu Noeli!" Mama alikuwa anamwongezea chai na kunyamaza. Baba alituacha miaka miwili iliyopita, na wajukuu wake wanaijua hadithi hiyo kwa moyo.

Sasa wiki iliyopita, nikiwa nimekaa chini na ile karabai miguuni, Mama akaingia akasikia harufu. Akacheka kidogo. Na mimi, sijui kwa nini ilinichukua umri wote huu, nikaikumbuka pasi. Makaa yalitiwa kwenye pasi jioni ile ile Baba alipotoka. Hajafika hata katikati ya ziwa.

"Mama, ulikwenda kuazima nguo kabla Baba hajarudi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua hatapata kitu."

"Mwezi ule? Nani asingejua?" Akakaa kitandani polepole, kwa sababu ya magoti yake.

"Na pesa ukampa."

Akanyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana.

"Zile pesa zilitosha nguo moja," akasema. "Moja, Espe. Ningevisha nani, wewe au Pasikali? Nyinyi nguo ningewaazimia. Lakini baba yenu siku zote zile amekaa na nyavu, anawakwepa mkitazama. Yeye ningemwazimia nini?" Akaichukua karabai miguuni pangu, akaifuta tangi kwa pindo la kitenge. "Alitaka kwenda. Nikampa aende."

Miaka yote nimesema kwamba Noeli ile nyumbani kwetu hakuna aliyepata zawadi. Kumbe ilikuwepo moja. Niliiona ikifunguliwa kwa meno pale mlangoni, nikamwona aliyepewa akiondoka nayo anapiga mluzi, na mimi nililia mpaka majirani wakasikia.