Kengele ya Tabu

Nasema tu, aibu imeshanipata. Nilimzika mbwa wangu Tabu kwa siri na haraka kwenye makaburi ya misheni, kengele yake ya mti ikiwa shingoni, nikamsimikia msalaba mdogo. Miaka mingi alinifukuzia nguruwe shambani. Nilishindwa kumtupa porini.

Nilipopata mtoto wa mbwa, nilimfundisha kunusa kwa kufukia vipande vya tandiko alilolalia Tabu, avifukue aniletee.

Siku ya Marehemu, padri Mjerumani akaunyunyizia msalaba ule maji ya baraka. "Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wangu, Baba," nikajibu, na machozi yalikuwa ya kweli.

Mke wangu, ambaye hatukujaliwa mtoto naye, akageuka kunitazama.

Ndipo yule mbwa mdogo, aliyekuwa akifukua nyuma ya msalaba, akaja mbio, udongo puani, akaniwekea miguuni kengele ambayo kijiji kizima kiliijua.