Mkali wa Kibodi

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa dada yangu, maana yule huongeza chumvi mpaka mboga inakataa.

Mpiga kinanda wa kwaya yetu hapa Mwembesongo alihama ghafla, na Jumapili kwaya ya Gairo ilikuwa inakuja kuimba nasi. Mama, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya, alikuwa hali wala halali. Nikajitosa: "Tulia mama, nakuletea mtu."

Mtu mwenyewe ni Kaka Elia, mpangaji mpya wa jirani. Mtaa mzima unasema ni mkali wa kibodi, na ndiyo inayomlisha. Nikaenda kumfanyia usaili, si mimi ndiye meneja.

"Shikamoo kaka. Huwa unafanya mazoezi?"

"Kila siku. Nikiacha wiki tu, vidole vinakuwa vya mbao."

"Unatunga mwenyewe?"

"Natunga. Nyingine nachukua za wenzangu, narekebisha."

"Na mkiwa kundi?"

"Mmoja akikosea, wote tunaumbuka."

Nikasema huyu ndiye. "Basi Jumapili njoo kanisani, kibodi yetu haina mtu."

"Haina shida, mdogo wangu."

Akaja kapendeza, begi mgongoni. Nikampitisha mbele ya wageni wa Gairo kama bwana harusi, nikamkalisha kwenye kinanda. Mama, uso umemchangamka, akainua mikono: "Haya Elia, tupe sauti ya kuanzia."

Elia akatazama zile nyeupe, akatazama zile nyeusi. Kisha akaniinamia taratibu, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Mdogo wangu, mimi natengeneza programu za kompyuta. Herufi za hii kibodi ziko wapi?"