Wifi na Sauti za Kunong'ona

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka, ni fundi cherehani, na sisemi kwa kumpendelea: akikata kitambaa, sisi mafundi wenzake pale kibandani tulikuwa tunaacha kazi tumtazame. Kaka alipofariki, kichwa cha wifi kikageuka soko. Akishika mkasi tu, mkono unatetemeka. Akabaki kukunja pindo na kushona vifungo, yeye, fundi mzima! Roho iliniuma.

Dawa yake aliipata kwenye simu. Ni zile video wanazoziita ASMR: mtu anapitisha brashi taratibu, anagongagonga ubao kwa kucha, ananong'ona kama anabembeleza mtoto mchanga. Aliponivalisha visikilizio vyake nilivivua mbio.

"Huyu anayenitambalia shingoni ni nani?"

Akacheka mpaka machozi. "Mimi ndizo zinazonituliza, wifi. Kelele za kichwani zinakaa chini, nauona mstari ninaokata, basi."

"Haya, kila mtu na mganga wake," nikamtania.

Utani uliniisha nilipomwona kazini. Kila asubuhi anavaa visikilizio, anavuta pumzi, anakata vipande vya shuka kuukuu. Akiharibu, anatupa, anachukua kingine. Hakuna aliyemlazimisha. Ningekuwa mimi, mkasi ungeshapita dirishani zamani.

Ndipo akaja binti mmoja, bibi harusi mtarajiwa, na kitambaa alichoachiwa na mama yake, ambaye alifariki hata posa haijaletwa. Kilitosha gauni moja, tena kwa kubanabana.

"Nataka akate huyu," alisema. "Ndiye aliyekuwa anamshonea mama."

Wifi akakubali, ila akamweleza kwamba hukata akisikiliza minong'ono. Mimi nikaingiwa na baridi, maana namjua: hiki kikiharibika, hashiki mkasi tena maisha yake yote.

Kibandani kwetu kitambaa cha harusi kikikatwa, cherehani zote husimama, kwa heshima. Siku ilipofika tukazisimamisha. Wifi akavaa visikilizio, akainama, akaanza. Mkasi ulikwenda vizuri hadi kiunoni, kisha akaganda. Simu imezima, chaji imekwisha! Hapo heshima yetu ikawa balaa, maana kwenye kimya kile kichwa chake kilianza upya. Mkono ukatetemeka, ncha ya mkasi inacheza juu ya kitambaa cha watu. Jamani! Nikafungua mdomo niitishe simu nyingine.

Binti akaniwahi. Alisogeza kiti, akainamia sikio la wifi, akaanza kunong'ona. Alimweleza jinsi mama yake alivyokuwa akikitoa kitambaa hicho sandukuni, anakipapasa kwa kiganja, anakikunja, anakirudisha. Jinsi alivyokuwa akijifunga nacho mbele ya kioo akidhani hakuna anayemwona. Alisema polepole, bila haraka yoyote. Nikaona mabega ya wifi yanashuka. Mkasi ukatembea tena, kiunoni, nyongani, mpaka chini kabisa, na mstari umenyooka hata mimi mwenye jicho la kutafuta kasoro sikuiona.

Akauweka mkasi mezani. Binti akanyamaza, akajifuta macho.

"Endelea, mwanangu," wifi akamwambia. "Kukata nimemaliza, lakini wewe endelea."