Chozi Aliyevua Kijani

Uongo wa Faustina ulitoka Mafinga ukafika Uyole kabla ya lori la mbao. Alimwambia Mwalimu Alinanuswe kwenye simu kwamba chozi wa kijani, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama mundu, humnywea asali kiganjani kila asubuhi. Mwalimu, aliyekuwa akichunguza ndege, akaja mbio na darubini yake, akapanga chumba.

Siku mbili, kijani hakuna.

"Mama," Jailos mwenye nyumba ya wageni akamwambia, "kesho saa nne Mwalimu anaondoka. Asipomwona huyo ndege, na wewe fungasha."

Faustina alikuwa mtunza bustani hapo, akilala chumba cha uani. Mjane, pengine pa kwenda hana. Alikodoa macho mpaka yakataka kuhama uso. Alisali Kilutheri, kisha akaongeza ya Kikatoliki kwa tahadhari. Kwenye maua ya mishubiri alikuta kandege kachakavu tu, rangi ya majivu. Akakatupia kandambili.

"Toka, mchawi! Unamfukuza mwenzio!"

Asubuhi ya mwisho alimwendea Mwalimu. Jailos alikuwa keshalitoa begi la Faustina njiani.

"Mwalimu, nilidanganya. Kiganjani hajanywa hata siku moja. Ila wa kijani alikuwapo, haki ya Mungu, mpaka baridi ilipoanza."

"Alikuwa anakulaje?"

"Kihuni! Kwenye mdomo wa ua hapiti. Anatoboa ubavuni, kama huyu wa majivu ninayem..." Faustina akaitazama kandambili yake.

"Msimu wa kuzaliana ukiisha, dume huvua manyoya ya kijani akavaa ya majivu," Mwalimu akasema polepole. "Ndiye niliyekuona unamtupia kandambili."

Wakangoja. Saa tatu na nusu. Saa nne kasorobo. Faustina hakuthubutu hata kukohoa. Ndipo kandege kale kakatua, kachafu, kakatoboa ua ubavuni; begani unyoya mmoja wa kijani ukawaka.

Jailos akanyang'anya darubini. "Huyu? Shomoro huyu!"

"Shomoro hana mdomo ule," Mwalimu akamjibu. "Nabaki wiki nzima, nimwandike anavyobadilika. Lakini wewe umeshindwa kumtambua. Nani atanionyesha maua yake?"

Jailos akatazama ndege, akatazama wingu, akatazama chini.

"Mama Faustina," akasema, "mbona begi umeliacha njiani? Wageni watajikwaa."